Nuru imesafiri miaka bilioni 13.5, galaksi iko miaka ya nuru bilioni 34: hesabu hii inakubalikaje?

Mdadisi wa Ngaramtoni

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii, makazi yangu ni Ngaramtoni hapa Arusha, na swali ninalolileta limenikaa kichwani tangu Novemba iliyopita. Tulikuwa tumepiga kambi karibu na Ziwa Natron, usiku hauna mwezi, na yapata saa tatu mgeni mmoja mwenye darubini ya mkononi alinielekeza upande wa kaskazini, katikati ya upeo na utosi, nikaona doa hafifu mfano wa tone la maziwa lililopanguswa kwa kidole. Akaniambia kwamba ile ni galaksi ya Andromeda, yaani kundi kubwa mno la nyota, na kwamba nuru niliyokuwa ninaiona iliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Hilo nililikubali bila taabu, kwa kuwa nuru husafiri karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, umbali ni miaka ya nuru milioni 2.5, basi na safari ni ya miaka milioni 2.5.

Taabu ilianza alipoendelea kusema kwamba darubini ya anga ya James Webb imeona galaksi ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 13.5 hadi kutufikia, na kwamba galaksi hiyo sasa iko umbali wa miaka ya nuru bilioni 34. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie, akarudia yaleyale. Kazi yangu ni ya barabara. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilometa 80; nikienda kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, siwezi kushuka Moshi baada ya saa moja na kudai kwamba nimetoka umbali wa kilometa 200. Isitoshe, ulimwengu wenyewe unasemwa kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8.

Alipoona nimekwama, akaniongezea kwamba galaksi za mbali sana zinatukimbia kwa mwendo unaoshinda ule wa nuru. Hapo ndipo alipozidisha giza, maana nuru inayotoka kwenye kitu cha namna hiyo naiona kama abiria anayetembea kuelekea nyuma ndani ya basi linalokimbia mbele: hata atembee hadi siti ya mwisho, kituo alichokiacha kinazidi kuwa mbali. Atafikaje? Na kama anga linatanuka, je, barabara ya Arusha na Moshi nayo inatanuka? Wageni huuliza mambo haya karibu kila tunapolala porini, nami sipendi kujibu kwa kubabaisha.

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Ndugu Mdadisi, hesabu yako ya barabara haina kosa. Kilichokukwamisha ni jambo ambalo hukulitaja kwa sababu barabarani halina haja ya kutajwa, nalo ni kwamba barabara haiongezeki urefu wakati wewe uko njiani. Kati ya galaksi zilizo mbalimbali, njia huongezeka urefu wakati nuru bado iko njiani, na nuru inayotoka mbali zaidi hukumbwa na ongezeko hilo kwa muda mrefu zaidi.

Muhula uliopita niliwafundisha kidato cha nne jambo hili kwa ukanda wa mpira niliokata kwa wembe kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, niliyopewa na fundi mmoja wa Majengo. Niliulaza juu ya dawati, nikachora kwa chaki mistari kila baada ya sentimeta moja, kisha wanafunzi wawili wakashika ncha na kuvuta taratibu. Mistari yote iliachana kwa pamoja. Hakuna mstari hata mmoja uliotembea juu ya mpira, na hakuna uliokuwa kitovu cha mingine, kwa kuwa ukiweka kidole juu ya mstari wowote utaona jirani zake wa pande zote mbili wakiuacha, na ulio mbali mara mbili ukiuacha kwa mwendo wa mara mbili. Uhusiano huohuo kati ya umbali na mwendo ndio Georges Lemaître aliuandika mwaka 1927, na Edwin Hubble akautolea ushahidi wa vipimo mwaka 1929. Kijana mmoja alivuta kwa bidii iliyopita kiasi, ukanda ukakatika na kumchapa vidole, kwa hiyo sehemu iliyobaki tuliifanya ubaoni kwa tarakimu, nami nakuomba uifuate kwa kalamu mkononi.

Tuseme ukanda una urefu wa sentimeta 100. Wewe uko kwenye ncha moja, sisimizi yuko kwenye ncha ya pili, naye anakujia kwa mwendo usiobadilika wa sentimeta 20 kwa dakika. Kila dakika inapokwisha, ukanda mzima unavutwa kwa usawa na kuongezeka sentimeta 50. Angalia kwamba ncha aliyotoka inakukimbia kwa sentimeta 50 kwa dakika, yaani mara mbili na nusu ya mwendo wa sisimizi mwenyewe. Kwa mtazamo wa haraka huyu ndiye abiria wako wa basi, na kufika hafiki.

Katika dakika ya kwanza anatembea sentimeta 20 kati ya 100, ambazo ni asilimia 20 ya njia. Ukanda unavutwa hadi 150, lakini asilimia 20 aliyokwisha kuimaliza inabaki kuwa asilimia 20, kwa sababu mpira ulio nyuma yake umevutika sawasawa na ulio mbele yake. Katika dakika ya pili sentimeta zake 20 ni asilimia 13.3 ya 150, na jumla inakuwa 33.3. Katika dakika ya tatu ni 20 kati ya 200, yaani asilimia 10, na jumla inakuwa 43.3. Kila dakika anaongeza sehemu ndogo kuliko ya dakika iliyotangulia, lakini jumla haikomi kukua. Ukichukua rula na kupima umbali uliobaki kati yake na wewe kila baada ya mvuto, utaona kioja: mwanzoni ulikuwa sentimeta 100, baada ya dakika moja ni 120, baada ya mbili ni 133, na baada ya tano umefika 147. Sisimizi anakujia, hajasimama hata mara moja, na bado umbali wake nawe unazidi. Kuanzia hapo umbali unaanza kupungua, na katika dakika ya 18 anagusa kidole chako.

Sasa tupime mambo matatu. Alipoanza safari alikuwa sentimeta 100 kutoka kwako. Ukijumlisha hatua alizopiga kwa miguu yake mwenyewe, ametembea kama sentimeta 342. Na ile ncha aliyotoka, wakati anapokugusa, iko sentimeta 950. Hakuna hata namba moja kati ya hizo iliyo ya uongo.

Galaksi aliyoitaja mgeni wako nadhani ni ile iliyopewa jina la JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa mwaka 2024. Nuru yake ilipoondoka, ulimwengu ulikuwa na umri wa karibu miaka milioni 300 tu, na galaksi hiyo ilikuwa takriban miaka ya nuru bilioni 2.2 kutoka kwenye maada ambayo baadaye ilikuja kuwa galaksi yetu, Njia Nyeupe. Nuru imetembea miaka bilioni 13.5. Galaksi yenyewe leo iko karibu miaka ya nuru bilioni 34. Linganisha na sisimizi: 100, 342, 950.

Kuhusu basi, mfano wako unapotea mahali pamoja. Basi humvuta abiria kwa mwendo uleule, awe amekaa siti ya mbele au ya nyuma. Ukanda sivyo: karibu na ncha ya mbali mpira unakukimbia kwa kasi, na karibu na kidole chako haukimbii kabisa. Kwa hiyo kila hatua anayopiga sisimizi inamwingiza katika sehemu inayokukimbia polepole zaidi kuliko ile aliyoiacha, na siku moja anaingia katika sehemu ambayo mwendo wake ni mdogo kuliko wake yeye. Galaksi hiyo, nuru ilipoondoka, ilikuwa inatuacha kwa takriban mara tano ya mwendo wa nuru, na hata leo inatuacha kwa zaidi ya mara mbili, lakini hakuna kitu kilichowahi kuipita nuru pale ilipokuwa. Sheria ya Einstein inakataza kitu kuipita nuru mahali ilipo. Haiwekei mpaka kasi ya kuongezeka kwa anga lililo kati ya sehemu mbili zilizo mbalimbali.

Barabara yako haitanuki. Lami, jiwe na mwamba wa Kilimanjaro hushikwa na nguvu zilizo kati ya atomu zake, mfumo wa Jua na Njia Nyeupe hushikwa na nguvu ya uvutano, na penye mshiko huo kutanuka hakupo kabisa, si kwamba kupo kidogo kiasi cha kutoonekana. Kutanuka kunaanza kushika njia yake kati ya makundi ya galaksi.

Mpima Ardhi Mstaafu, Usa River

Ndugu zangu, sikusoma elimu ya nyota, lakini nimeshika utepe wa kupimia kwa zaidi ya miaka 30, na suala la Ndugu Mdadisi kwangu linafanana na kosa tulilokuwa tukiwaonya vijana wanaoanza kazi.

Utepe wa chuma wa meta 30 huongezeka urefu kwa karibu milimita 7 joto lake linapopanda kwa nyuzi 20. Ukianza kupima shamba alfajiri huku umande ukingali kwenye majani, ukamalizia saa nane mchana utepe ukiwa umelala juani, vipimo vyako vya asubuhi na vya mchana haviwezi kujumlishwa kama vilivyo. Ndiyo maana kwenye daftari la uwandani tuliandika kipimo, na pembeni yake joto na saa. Kipimo kisicho na maelezo hayo nilikuwa nakikata kwa kalamu nyekundu, hata kama kijana ametoka jasho kukipata.

Kwa hiyo mgeni wako hakukosea, ila alitoa vipimo bila kuvipa tarehe. Bilioni 2.2 ni umbali wa siku nuru ilipoondoka. Bilioni 34 ni umbali wa leo. Bilioni 13.5 si umbali wa siku yoyote, bali ni muda wa safari, na ingefaa iandikwe kama miaka tu bila neno nuru, maana hilo neno ndilo linalowapoteza watu. Kwa Andromeda namba zote tatu zinakaribia kuwa sawa, kwa sababu njia haikutanuka, na nadhani hapo ndipo akili ya msikilizaji inapozoea kwamba umbali na muda ni kitu kimoja, kisha inakwama ikifika mbali.

Mdadisi wa Ngaramtoni

Shikamoo Mzee wangu, na shukrani nyingi kwako Mwalimu. Jana nilikuwa nasubiri wageni uwanja wa ndege wa KIA, ndege ikachelewa, nikafanya hesabu ya sisimizi nyuma ya karatasi ya ratiba hadi dakika ya 17. Nilipata kwamba amemaliza asilimia 99.8 ya njia, amebakiwa na chini ya sentimeta mbili. Kwa kweli nilikuwa nimeshaweka dau moyoni kwamba hatafika.

Yamebaki mawili. Kwanza, Mzee amesema njia ya Andromeda haikutanuka. Je, maana yake ni kwamba nilichokiona Natron si mfano wa jambo hili hata kidogo? Pili, sisimizi anafika akiwa sisimizi yuleyule. Wataalamu wanaipokea nuru tu kwenye darubini, hawakuwapo ilipoondoka, na hakuna aliyenyoosha utepe hadi huko. Wanajuaje kwamba njia imevutwa, na kwa kiasi gani?

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Ni kweli, Andromeda si mfano wake, na tena inakwenda kinyume. Mwaka 1912 Vesto Slipher, akiwa kwenye kituo cha Lowell huko Arizona, Marekani, alipima nuru yake na kukuta kwamba inatujia kwa karibu kilometa 300 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya mwendo huo inatokana na Jua letu kuzunguka ndani ya Njia Nyeupe, lakini hata ukiuondoa, galaksi hizi mbili bado zinasogeleana, kwa sababu zinavutana. Nuru uliyoiona Natron ilifika ikiwa imebanwa kidogo sana kuelekea upande wa buluu.

Kuhusu swali la pili, mfano wa sisimizi unaishia hapo, kwa sababu yeye ni kitu na nuru ni wimbi. Rudi kwenye ukanda wa tyubu na mistari ya chaki. Chukulia kwamba mistari ile ni migongo ya wimbi moja, umbali kati ya mgongo na mgongo ukiwa sentimeta moja. Ukiuvuta ukanda hadi uwe na urefu wa mara mbili, umbali huo unakuwa sentimeta mbili. Nuru inayosafiri katika anga linalotanuka hurefushwa mawimbi yake kwa kiasi kilekile ambacho anga limetanuka tangu ilipoondoka, si zaidi na si pungufu. Kwa kuwa katika nuru tunayoiona mawimbi marefu ni mekundu na mafupi ni ya zambarau, kurefuka huko huitwa kuhamia kwenye wekundu.

Sasa urefu wa awali unajulikanaje? Atomu zina alama zake zisizobadilika, yaani urefu maalumu wa mawimbi ya nuru ambayo kila aina hutoa au kumeza. Haidrojeni, ambayo ndiyo imejaa ulimwenguni, ina alama moja yenye mawimbi ya nanomita 121.6 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya meta), ambayo ni mafupi mno kwa jicho la binadamu, linaloanzia karibu nanomita 400 na kuishia karibu 700. Katika nuru ya galaksi tuliyoitaja, alama hiyo inaangukia karibu nanomita 1,850. Gawanya, utapata mara 15.2. Maana yake ni kwamba tangu nuru hiyo ilipoondoka, kila umbali kati ya makundi ya galaksi umekua mara 15.2. Nuru hiyo iliondoka ikiwa na mawimbi mafupi mno kwa macho, ikavuka rangi zote za upinde wa mvua ikiwa njiani, na kutokea upande wa pili wa wekundu, ambako macho yetu hayafiki. Hii ndiyo sababu darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ilitengenezwa kwa ajili ya mionzi ya infraredi, ikapelekwa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani na kukingwa dhidi ya Jua kwa pazia, kwa kuwa kifaa chenye joto hutoa infraredi chenyewe na kingefunika kile kinachotafutwa. Baadaye, mwaka 2025, mtambo wa darubini za redio wa ALMA ulioko Chile ulinasa alama ya oksijeni kutoka galaksi hiyohiyo, na kiasi cha kurefuka kikathibitika kwa alama ya pili.

Wengi hufananisha jambo hili na honi ya lori, ambayo sauti yake hushuka lori linapokupita. Kufanana kupo, lakini sauti ya lori hubadilika kutokana na mwendo wake wakati wa kupiga honi, ilhali nuru hii inabadilishwa kidogokidogo njia nzima. Wapo wanafizikia wanaopendelea kuhesabu safari nzima kama mlolongo wa malori mengi madogo, kila moja likiwa mbele ya jirani yake, na jibu lao linakuwa lilelile, sigombani nao.

Ipo nuru iliyovutwa kuliko hiyo. Ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, ulikuwa na joto la karibu Kelvini 3,000, gesi yake ikapoa kiasi cha kupitisha nuru kwa mara ya kwanza. Nuru hiyo ingali inatufikia kutoka pande zote, ikiwa imerefushwa karibu mara 1,100, ikashuka hadi maikrowevu na kuonyesha joto la Kelvini 2.7. Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa mwaka 1964 kwa antena ya redio huko New Jersey, wakidhani kwanza ni kasoro ya chombo, wakasafisha hadi kinyesi cha njiwa waliokuwa wametaga ndani yake.

Mwanafunzi wa Tengeru

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mzee. Naomba nipinge kidogo, si kwa ubishi. Tunachopokea ni nuru yenye mawimbi marefu, yaani nuru iliyopungukiwa nguvu. Kwa nini tusiseme tu kwamba nuru imechoka kwa safari ndefu, ikapoteza nguvu njiani kwa sababu tusiyoijua, na anga likabaki palepale bila kutanuka? Maelezo hayo yanaonekana mepesi zaidi. Na ukisema kwamba anga ndilo lililoirefusha, basi nguvu iliyopotea imekwenda wapi, ilhali tumefundishwa kwamba nishati haipotei?

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Marahaba, kijana wangu. Wazo la nuru kuchoka si la kudharauliwa. Fritz Zwicky alilitoa mwaka 1929, mwaka uleule wa makala ya Hubble, na lilistahili kujibiwa kwa vipimo. Vipimo vimelikataa, na kilichonishawishi mimi zaidi ni saa.

Fikiria tena ukanda, lakini badala ya wimbi, weka sisimizi wawili wanaoondoka ncha ya mbali mmoja baada ya mwingine. Kwa kuwa mpira ulio kati yao nao unavutwa, watafika wakiwa wameachana kwa muda mrefu zaidi kuliko walivyoachana wakati wa kuondoka. Maana yake ni kwamba, kama anga linatanuka kweli, basi kila tukio la mbali, wala si rangi yake peke yake, linapaswa kuonekana likienda polepole, kwa kiasi kilekile ambacho mawimbi yamerefushwa. Nuru iliyochoka isingefanya hivyo: ingefika ikiwa nyekundu, lakini kila kipande kingefika kwa zamu yake bila kuchelewa zaidi.

Zipo nyota za aina moja ambazo hulipuka na kufifia kwa mwenendo unaofahamika vizuri, aina ileile ya supanova iliyowawezesha wataalamu mwaka 1998 kugundua kwamba kutanuka kunaongeza kasi. Tangu miaka ya 1990 supanova hizo zimepimwa karibu na mbali. Ile ambayo nuru yake imerefushwa mara mbili huchukua siku 40 kufanya kile ambacho ya karibu hukifanya kwa siku 20. Hakuna uchovu wa nuru unaoweza kurefusha siku. Na ukitaka kulipima hili kwenye galaksi ya Ndugu Mdadisi, mwaka wetu mmoja wa kuitazama unatuonyesha siku 24 tu za maisha yake.

Tena, nuru inayochoka kwa kugongana na kitu njiani ingepotoshwa uelekeo, na picha za galaksi za mbali zingekuwa na ukungu kadiri umbali unavyoongezeka, jambo ambalo darubini hazilioni.

Kuhusu nishati, jibu la wazi ni kwamba haikwenda popote. Kanuni uliyofundishwa, nami ndiye ninayeifundisha, inasimama pale ambapo anga halibadiliki kadiri muda unavyokwenda. Katika nadharia ya jumla ya Einstein ya mwaka 1915, ulimwengu unaotanuka hauna sharti hilo, na hakuna daftari moja la nishati ya ulimwengu mzima linalolazimika kulingana asubuhi na jioni. Maabara yako iko ndani ya anga lisilotanuka, kwa hiyo kwenye mtihani endelea kuandika kwamba nishati haipotei.

Mpima Ardhi Mstaafu, Usa River

Mwalimu, hapo kwenye daftari lisilolingana umeniuma. Ila nimeelewa.

Mdadisi wa Ngaramtoni

Nina swali la mwisho kabla sijapakia gari. Mwalimu ametaja kwamba kutanuka kunaongeza kasi. Katika hesabu ya sisimizi ongezeko lilikuwa sentimeta 50 kila dakika bila kubadilika. Kama ongezeko lenyewe linakua, sisimizi bado atafika? Na nuru inayoondoka kwenye galaksi ile usiku huu, kuna wajukuu watakaoiona?

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Umeuliza mahali penyewe. Chukua ukanda uleule wa sentimeta 100 na sisimizi yuleyule, lakini safari hii urefu wa ukanda uwe unazidishwa kwa mbili kila dakika inapokwisha: 100, 200, 400, 800. Dakika ya kwanza anamaliza asilimia 20, ya pili asilimia 10, ya tatu 5, ya nne 2.5. Jumlisha kadiri utakavyo, hata milele, jumla itakaribia asilimia 40 na haitaifikia. Sisimizi aliyeondoka ncha ya mbali hatafika kamwe, ingawa hachoki na hakuna kilichomzuia. Lakini aliyeanza safari akiwa sentimeta 30 kutoka kwenye kidole chako atafika bila shida. Mpaka upo kwenye sentimeta 40, wala hauna ukuta wala alama juu ya mpira.

Ulimwengu kwa miaka bilioni kadhaa ya mwanzo ulikuwa ukipunguza kasi ya kutanuka, na katika kipindi hicho nuru ya galaksi yako ilipata nafasi ya kusogea hadi sehemu salama. Kwa nuru inayoondoka leo, mpaka unaokadiriwa uko karibu miaka ya nuru bilioni 16 au 17 kutoka kwetu. Galaksi iliyo ndani ya mpaka huo ikiwasha nyota mpya usiku huu, nuru yake itafika siku moja. Galaksi ya mgeni wako iko bilioni 34, mara mbili ya mpaka, kwa hiyo nuru inayoondoka huko usiku huu haitafika Natron, hata Natron ingedumu milele.

Hata hivyo galaksi hiyo haitazimika ghafla machoni pa watakaokuwapo. Nuru iliyoondoka huko zamani ingali njiani na itaendelea kufika, kila kipande kikiwa kimevutwa zaidi na kikichelewa zaidi kuliko kilichotangulia, hivi kwamba wataiona ikikua polepole mno, ikizidi wekundu na kufifia, hadi ifikie umri wa miaka bilioni chache. Yaliyotokea huko baada ya umri huo, pamoja na yanayotokea huko usiku huu, yamebaki upande wa pili wa sentimeta 40.